Mwaka Gani Ulikuwa Mkubwa Kuliko Yote katika Sinema? Mimi Nasema 2014



Naandika sababu ya ubishi mmoja ambao haukuisha. Ilikuwa Jumapili jioni, Lubunga. Tulikuwa sita, tunangoja mtumbwi wa kuvukia Makiso, na mvua ilikuwa imetufungia chini ya paa la mama muuza chai. Mvua ikinyesha namna ile, watu wa iniversite wanafanya nini? Wanabishana. Mmoja akatupa swali: katika historia yote ya sinema, mwaka gani ulizaa filamu kubwa kuliko miaka mingine?

Yaya mmoja aliyesoma historia akajibu haraka: 1939. Kule Marekani wako watu wengi wa sinema wanaosema hivyo hivyo. Mwaka ule zilitoka Gone with the Wind, The Wizard of Oz, Stagecoach ya John Ford na Mr. Smith Goes to Washington ya Frank Capra. Kijana wa informatiki akakataa: "Hapana, yaya. 1999 njo mwaka." Akahesabu kwa vidole: The Matrix, Fight Club, The Sixth Sense.

Mimi nikasema 2014. Wakacheka wote, na mama wa chai akacheka pamoja nao. "2014 kulitoka nini?" Mwingine akaongeza: "Agronome, wacha sinema, rudi kwa muhogo yako."

Mtumbwi ukafika kabla sijajibu vizuri. Jibu langu ni hili.

Kwanza niseme ninavyopima, juu mtu asiyesema kipimo chake anabishana na upepo. Sisi wa agronomia hatuhukumu mwaka wa shamba kwa kuangalia maua. Tunauliza mambo matatu. Nani alipanda? Nani alikula? Na mbegu ilibaki kwa nani? Shamba linaweza kuwa kubwa na zuri la kupigwa picha, lakini kama mavuno yote yamepanda lori na wenye udongo wamelala njaa, huo si mwaka mzuri kwa kijiji. Ni mwaka mzuri kwa mwenye lori.

Tuanze na 1939 ya yaya wangu. Katika Gone with the Wind aliigiza mama mmoja mweusi, Hattie McDaniel. Filamu ilipozinduliwa Atlanta mwezi wa 12 mwaka ule, yeye hakuhudhuria, sababu ya sheria za ubaguzi za kule. Mwaka uliofuata akapata Oscar, mtu mweusi wa kwanza kuipata, na usiku ule wa sherehe alikalishwa kwenye meza ya pembeni, mbali na waigizaji wenzake. Sisemi filamu zile ni mbaya. Nasema tu kwamba hata kwao, ule mwaka mkubwa ulikuwa na watu waliopika chakula bila kuketi mezani.

Sasa tuje kwetu. Wengi wetu hatujui kwamba Tshopo iliingia katika historia ya sinema ya dunia mapema sana, na iliingia kwa mlango mkubwa. Mwaka 1951 John Huston alileta kikundi chake kutengeneza The African Queen. Walipita Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, wakaenda upande wa Ponthierville, leo Ubundu, kwa njia ya ile reli ya kilomita 125 inayokwepa maporomoko ya Boyoma. Wakapiga kambi msituni karibu na Biondo, kwenye mto Ruiki. Humphrey Bogart alikuwako, Katharine Hepburn alikuwako. Siafu waliingia kambini, watu wakaugua, mashua ikazama ikabidi ivutwe kutoka majini. Bogart na Huston walipenda kusema kwamba wao hawakuugua sababu walikunywa wiski badala ya maji. Baadaye kikundi kikahamia Uganda, kisha kikamalizia kazi studio Uingereza.

Filamu ilitoka mwishoni mwa 1951, na 1952 Bogart akapata Oscar, ya pekee katika maisha yake. Hepburn aliandika kitabu kizima juu ya safari ile. Mashua yenyewe leo iko Key Largo, Florida, na watalii wanalipa ili wapande.

Je, 1951 ulikuwa mwaka wetu mkubwa? Tupime. Nani alipanda? Wageni. Hadithi yenyewe haikuwa ya Kongo: ni ya 1914, katika koloni la Wajerumani upande wa Tanzania. Mto wetu uliazimwa kuigiza mto mwingine. Nani alikula? Hapo njo kuna uchungu. Sheria ya mkoloni ya mwaka 1945 ilikataza Mwafrika kuingia katika sala za sinema za Wazungu, na filamu za kuonyeshwa kwa Wakongo zilichaguliwa na sensa. Mkongomani alitengenezewa filamu zake za kando, za kumfundisha na kumchekesha, kama zile za Matamata na Pilipili za padri Albert van Haelst. Kwa hiyo baba zetu waliweza kufyeka msitu wa kambi na kubeba masanduku ya kamera, lakini kiti ndani ya sala hakikuwa chao. Na mbegu? Ilipanda ndege pamoja na kamera.

Miaka michache nyuma ya hapo wakarudi wengine. Mwaka 1958 Fred Zinnemann alipiga picha za The Nun's Story Stanleyville na Yakusu, pale kwenye misioni ya Waprotestanti iliyokuwa na hospitali na daktari Stanley Browne, mtu aliyejulikana duniani kwa kazi yake juu ya ukoma. Nyota alikuwa Audrey Hepburn, ambaye hana undugu na yule Hepburn wa kwanza. Filamu ilitoka 1959, ikatajwa kwa Oscar nane, isipate hata moja. Mwaka ule Ben-Hur ilizoa 11.

Angalieni tarehe ile, ndugu zangu. 1959. Wakati watu wa New York na London wanakaa gizani wakitazama sista mzungu akipambana na moyo wake katika Kongo iliyotulia, Stanleyville ya kweli ilikuwa inawaka. Mwezi wa 10 mwaka uleule, chama cha MNC kilifanya mkutano wake hapa, risasi zikapigwa, watu wakafa, na tarehe 1 mwezi wa 11 Patrice Lumumba akakamatwa. Lumumba huyo aliwahi kuwa karani wa posta katika mji huuhuu. Alikuwa hadithi kubwa kuliko zote zilizopita katika barabara zetu, lakini kamera za Zinnemann zilikuwa zimekuja kutafuta kitu kingine.

Wahenga walisema usisafirie nyota ya mwenzio. Miaka ile sisi hatukusafiria tu nyota ya mwenzetu, tulimbebea na ngazi ya kuipandia.

Mtu ataniambia: basi chagua mwaka wa Wakongomani wenyewe. Vizuri. Kuna 1987, mwaka wa La Vie est belle. Ngangura Mweze, mtoto wa Bukavu, aliitengeneza pamoja na Mbelgiji Benoît Lamy, na Papa Wemba akaigiza kijana anayetoka kijijini kwenda kutafuta muziki Kinshasa. Mpaka leo wazee wanaikumbuka na kutabasamu. Nikisema 2014 siidharau hiyo. Ila ni filamu ya Kinshasa, na furaha yake ni furaha ya Kinshasa.

Kuna tena 1999, na hapa yule kijana wa informatiki alikuwa karibu na ukweli bila kujua. Mwaka ule Ngangura Mweze alipata Étalon de Yennenga, zawadi kubwa kabisa ya tamasha la FESPACO kule Ouagadougou, kwa filamu yake Pièces d'identités, hadithi ya mfalme mzee anayekwenda Ubelgiji kutafuta binti yake. Bendera yetu ilipanda juu. Lakini mwezi wa 8 mwaka uleule, jeshi la Rwanda na jeshi la Uganda vilipigana ndani ya Kisangani. Mimi nilikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Muulizeni mama yeyote wa Kisangani 1999 ilitoka filamu gani. Atakuambia alikuwa chini ya kitanda pamoja na watoto.

Sasa njo tufike 2014.

Dieudo Hamadi alizaliwa Kisangani mwaka 1984. Alianza kusomea udaktari, kisha akaacha, akashika kamera. Mzazi gani wa Kongo anafurahi kusikia hivyo? Filamu yake ya kwanza ndefu, Atalaku, ilitoka 2013, juu ya uchaguzi wa 2011 kule Kinshasa. Kisha akarudi nyumbani. Mwaka 2014 akatoa Examen d'État, na ikaonyeshwa Paris katika tamasha la Cinéma du Réel.

Filamu ile inasema nini? Kitu kidogo sana. Ni wafinaliste wa shule moja ya Kisangani wanaojiandaa kwa Exetat. Wengine hawajalipa prime ya walimu, wanafukuzwa darasani. Hawana mwalimu, hawana mahali, basi wanakusanyika katika nyumba moja na kuifanya maki. Wanasoma pale usiku na mchana, wanalala chini, wanapika pamoja. Mtihani ukikaribia, woga unaingia. Wengine wanakwenda kuombewa, kalamu zinabarikiwa, na wengine wanatafuta njia ya kununua maswali.

Basi. Hakuna mamba, hakuna sista mzungu, hakuna bunduki. Na hiyo njo sababu yangu.

Mpaka mwaka ule, dunia ilipoangalia upande wetu, iliangalia mambo matatu: mto, ugonjwa na vita. Examen d'État ilikuja ikasema kwamba mtoto aliyefukuzwa shule kwa sababu ya prime anastahili saa moja na nusu ya macho ya dunia. Ikasema hadithi yake inatosha bila kuongezwa chumvi.

Mtoto yule namjua. Mwaka 2014 nilikuwa ya tano, bio-chimie. Mwaka 2015 nikawa finaliste. Shule sitaitaja, na walimu siwalaumu, maana tangu miaka ya 90, Serikali iliposhindwa kuwalipa, mzazi njo alibebeshwa mshahara wa mwalimu. Asubuhi moja majina yalisomwa, na langu lilikuwamo. Tulitoka saba. Tukafanya maki yetu katika nyumba ya mjomba wa mmoja wetu, nyumba isiyo na mlango wa nyuma, taa moja ya mafuta kwa watu saba. Tuliandika fomula za kemia ukutani kwa makaa. Mmoja wetu alikuwa na akili ya hesabu kutupita sote, yeye njo alikuwa mwalimu wetu. Pesa za kushiriki mtihani hazikupatikana kwao. Siku ya Exetat sita tuliketi kwenye meza, na yeye alibaki nje.

Yeye njo alinifundisha ile mada ya hesabu iliyonipa alama. Mimi leo nina lisanse. Yeye anaendesha mtumbwi wenye mota kwenye Lomami.

Filamu niliiona miaka mitatu nyuma ya hapo, kwa kompyuta ya mwenzangu wa kampasi, kwenye kle moja iliyokuwa imejaa muziki. Sikuwa najua ni nini. Walipofukuzwa wale wanafunzi, nilisimamisha picha nikatoka nje. Mwenzangu akaniuliza kama ninaumwa. Nilimwambia ni joto.

Tupime 2014 kama tulivyopima ile mingine. Nani alipanda? Mtoto wa Kisangani, kwa kamera yake, akiketi chini pamoja na watoto wa Kisangani. Mbegu ilibaki kwa nani? Kwetu. Mwaka 2017 Hamadi akatoa Maman Colonelle, juu ya Kanali Honorine Munyole wa polisi, mama aliyehamishwa kutoka Bukavu kuja Kisangani kulinda wanawake na watoto. Mwaka 2020 ikaja En route pour le milliard.

Hapa najua mtanipinga, na ni upinzani wa nguvu. Mtasema: kwa nini si 2020? Filamu ile ni ya waathiriwa wa Vita vya Siku Sita, vya tarehe 5 mpaka 10 mwezi wa 6 mwaka 2000, Rwanda na Uganda walipopigania mji ambao haukuwa wao, na mamia ya raia wakafa. Watu waliokatwa miguu na mikono wanapanda mashua, wanashuka mto kilomita zaidi ya 1,700 mpaka Kinshasa, kwenda kudai haki yao kwa wakubwa. Katikati ya safari tunawaona jukwaani wakiigiza maumivu yao wenyewe. Iliingia katika uteuzi rasmi wa Cannes, filamu ya kwanza ya Kongo kufika hapo. Na mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule La Haye iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325. Sisemi filamu ndiyo iliamua kesi, kesi ilianza 1999. Lakini sura za wale waliokatwa miguu, dunia ilikuwa imeziona.

Nakubali, 2020 ni mwaka mzito. Bado ninabaki na 2014, kwa sababu mbili. Ya kwanza, 2020 ni tunda, na 2014 ni mwaka wa kupanda. Hamadi alijifunza kukaa karibu na watu wa Kisangani bila kuwageuza ombaomba akiwa ndani ya ile maki. Ya pili, vita dunia imezoea kutuona navyo. Hata mgeni angeweza kuja kupiga picha ya majeraha, na wengi walikuja. Lakini mgeni gani angejua kwamba prime ni jeraha?

Tena, Examen d'État haitubembelezi. Inatuonyesha tukiibia mtihani. Nilipoiona nilitaka wale vijana wakate ile sehemu ya kununua maswali, ili Wazungu wa Paris wasituone vibaya. Kisha nikajiuliza: sisi saba, kama tungekuwa na pesa, tusingenunua? Najua jibu, na sitaliandika hapa. Filamu iliyotengenezwa na mgeni ingetusifu au ingetutukana. Ile ilitujua.

Limebaki swali la kati: nani alikula? Hapa 2014 yangu inachechemea, na sitaki kuficha. Paris waliiona mbele ya Opala. Mpaka leo, katika teritwari yetu nzima, ukiuliza wafinaliste kama wameona filamu iliyofanywa juu yao, watakuangalia tu. Sheria ya 1945 ilikufa zamani, hakuna mtu mlangoni anayemkataza Mkongomani kuingia. Leo kinachotuzuia ni kwamba mlango wenyewe hauko. Hakuna sala, hakuna umeme. Na gratwite ya mwaka 2019 iliishia shule ya msingi, kwa hiyo maki bado zinajaa kila mwaka. Ile filamu haijazeeka, na hilo lisitufurahishe.

Mwezi jana nilipanda mtumbwi wa yule mwenzangu kwenye Lomami. Nikamhadithia yote, tangu kufukuzwa mpaka kalamu za kubarikiwa. Alisikiliza bila kusema kitu, mkono kwenye mota, macho mbele. Tulipofika bandarini akauliza neno moja tu: "Na ile filme iko wapi? Tuione nasi."

Sikuwa na jibu la kumpa. Sisi njo tunajiita wasomi wa Opala.

Kwa hiyo, wapendwa, ubishi nimeujibu, lakini siufungi. Naleta pendekezo. Kabla ya Exetat ijayo, chama chetu kiombe ruhusa kwa wenye filamu, kwa barua na kwa heshima, kisha tuionyeshe Opala, uwanjani, usiku mmoja, bure kwa wafinaliste wote, waliolipa prime na wasiolipa. Tunahitaji projekta, shuka jeupe, grupe ya umeme na esanse. Shuka litatoka kwa mama yangu, amekubali. Mimi natoa lita 5 za esanse. Projekta najua iko kwa mmoja wenu, na mwenyewe anajijua.

Wale wa 1939 na wa 1999 waje pia. Tukimaliza kuangalia, tutaendelea kubishana palepale, na yule mwendesha mtumbwi njo atakuwa mwamuzi.